Ilagala: Ganda la Chikichi na Amana ya Mayatima

Tulitoka Ujiji mara baada ya swala ya Alfajiri, ziwa likiwa bado limefunikwa na ukungu na wavuvi wa dagaa wakivuta mitumbwi yao ufukweni. Tulikuwa wawili, kaka na dada, yaani baba mkubwa na shangazi wa watoto watatu ambao baba yao, mdogo wetu wa mwisho, alirejea kwa Mola wake mwaka uliopita. Baada ya madeni kulipwa na kila mrithi kupewa fungu lake, mikononi mwetu ilibaki amana ya watoto hao: shamba la ekari mbili huko Ilagala lenye michikichi mikongwe isiyozaa tena kwa wingi, na fedha iliyotokana na kuuzwa kwa mashua ya marehemu na mashine yake.

Safari yetu haikuwa ya matembezi. Wiki moja kabla, kijana mmoja alifika barazani kwetu akiwa amebeba mche wa mchikichi ndani ya kiriba cheusi. Mche ulikuwa mzuri, majani yake mabichi, yamesimama. Alisema anayo miche mingi ya aina hiyo, kwamba ni ile mbegu mpya inayosifiwa, Tenera, na kwamba asili yake ni kituo cha utafiti cha Kihinga. Bei yake ilikuwa nusu ya ile tuliyokuwa tumeisikia. Tulipomuuliza kama ana karatasi yoyote inayoonyesha miche ilikotoka, uso wake ulibadilika.

"Shekhe," alisema, "ukinidai karatasi maana yake huniamini. Mimi ni Muislamu mwenzio. Wallahi, miche hii ni ya Kihinga."

Aliapa mara tatu. Nasi, ndugu msomaji, tuliona haya. Mama wa watoto, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, aliona pia kuwa bei ile ni riziki iliyobisha hodi, kwani fedha ingebaki ya kulipia ada na sare. Tulimwambia kijana arudi baada ya siku kumi. Hatukuwa na hoja ya kumkatalia. Tulikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi si hoja. Ndipo tukaamua kwenda kuliona shamba na kuwauliza wenyeji wanaoijua michikichi tangu utotoni.

Kutoka Ujiji njia huelekea Simbo, kisha huacha lami na kushika barabara ya vumbi iendayo Ilagala na mbele zaidi hadi Kalya. Michikichi humsindikiza msafiri sehemu kubwa ya njia hiyo. Mingine imesimama peke yake katikati ya mihogo, mingine imejikusanya mabondeni penye maji. Hakuna aliyeipanga kwa mistari. Mingi ilipandwa na mababu, au ilijiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka, nao warithi wakaikuta na kuichuma. Wasafiri walioandika habari za Ujiji katika karne ya 19, akiwamo Mwingereza Richard Burton aliyefika mwaka 1858, walilikuta soko ambamo mawese yalikuwa miongoni mwa bidhaa, na shanga ziitwazo sofi zilitumika kama fedha. Shanga hailiwi wala haivaliki ikamfaa mtu kwa baridi. Ilikuwa fedha kwa sababu moja tu: kila aliyeipokea alikuwa na yakini kwamba atakayemwendea kesho naye ataipokea. Soko lote la Ujiji lilisimama juu ya kuaminiana.

Ilagala tuliikuta imeamka zamani. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Uvinza, kando ya Mto Malagarasi, mahali ambapo mto huo mkubwa unakaribia kuyamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Wanaokwenda vijiji vya kusini huvuka mto kwa kivuko. Sokoni palikuwa na mihogo mikavu, samaki, dagaa, ndizi na, juu ya vyote, madumu ya njano yaliyojaa mawese mekundu.

Tulisimama kando tukawatazama wanunuzi, kwa kuwa tulikuwa tumekuja kujifunza namna ya kununua. Mama mmoja aliyekuja kuchukua madumu mawili hakuuliza bei kwanza. Alifungua kifuniko akanusa. Alichovya kijiti akatazama jinsi mafuta yanavyotiririka, akayasugua baina ya vidole. Kisha aliomba kijiko cha mafuta hayo yatiwe katika kikaango kilichokuwa jikoni kwa muuza maandazi jirani, akasikiliza: mafuta yenye maji hulia na kurusha matone yanapopata moto. Mwisho alilikagua dumu lenyewe, akalipapasa mbavu zake. Tulipomuuliza sababu, alicheka. Alitueleza kwamba wako watu hulitia dumu maji ya moto ili livimbe, kisha hulitumia kununulia kwa mkulima, na dumu linaloitwa la lita 20 likameza zaidi ya hizo. Mlanguzi akija kuuza, hutumia dumu jingine.

"Na huyu unayenunua kwake leo, unamjua?" tulimuuliza.

"Huyu namjua miaka kumi na moja," alijibu. "Lakini nanusa. Kumjua ni kwake, kunusa ni kwangu."

Muuzaji, mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili, hakukasirika hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwazima kijiko. Tulimkumbuka kijana wa barazani kwetu na jinsi alivyokunja uso kwa kuulizwa swali moja, na hapo tukaanza kupata hoja tuliyokuwa hatuna. Muuzaji mwaminifu hukupa kijiko. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo mawese yananusika. Je, mche? Swali hilo tulilipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu, mkulima wa siku nyingi, ambaye shamba lake linapakana na la mayatima wetu. Baada ya salamu na kuwaombea dua marehemu wa pande zote mbili, alichukua panga akatuongoza hadi chini ya mchikichi mrefu. Aliokota chikichi moja, akaiweka juu ya kisiki, akaikata katikati. Chini ya nyama nyembamba ya rangi ya chungwa palikuwa na ganda nene, jeusi, gumu kama jiwe, na ndani yake kiini cheupe. Kisha alituongoza hadi kwenye mti mfupi, mchanga, akakata chikichi nyingine. Hii nyama yake ilikuwa nene na ganda lake jembamba.

"Mafuta ya mawese hutoka kwenye nyama," alisema. "Hili ganda nene ni la babu. Hili jembamba ndilo wanaloliita Tenera. Sasa nionyesheni, wanangu, katika miche miwili ya umri mmoja, upi ni upi."

Alituelekeza penye miche iliyojiotea chini ya miti yote miwili. Tuliitazama kwa muda mrefu. Majani yalikuwa yale yale, urefu ule ule, rangi ile ile. Hatukuweza kutofautisha, naye alikiri kwamba hata yeye hawezi, wala hajapata kumwona mtu awezaye kwa macho matupu. Mchikichi huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu tangu kupandwa shambani. Ni siku hiyo tu, unapoikata chikichi ya kwanza, ndipo mti hukuambia ukweli.

Siri ya jambo hili iligunduliwa ng'ambo ya ziwa hili hili, huko Yangambi katika Kongo, ambako mwaka 1941 watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha matokeo ya kazi yao. Walionyesha kwamba Tenera huzaliwa na wazazi wawili tofauti: mmoja wa ganda nene aitwaye Dura, na mwingine asiye na ganda la maana aitwaye Pisifera. Ukivipandanisha hivyo kwa uangalifu, watoto wote huwa Tenera. Lakini ukiokota mbegu zilizodondoka chini ya Tenera, hata kama imechavushwa na Tenera mwenzake, hupati Tenera tupu. Kwa wastani robo hurudi kuwa Dura yenye ganda nene, nusu huwa Tenera, na robo huwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai matunda ya kutegemewa. Kwa hiyo mtu anaweza kuokota mbegu chini ya mti bora kabisa, akazitia katika viriba, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mama yake ni wa Kihinga, na kiapo chake kikawa kweli. Na bado mnunuzi akawa amepunjika.

Mzee yule aliyasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeyalipia. Miaka kadhaa iliyopita alinunua miche kwa mchuuzi aliyepita na gari. Alikata miti yake ya zamani, akapanda, akapalilia, akangoja. Ilipozaa, sehemu kubwa ilikuwa ya ganda nene, na mingine haikuzaa kitu. Mchuuzi hakuonekana tena, wala simu yake haikupatikana.

"Fedha niliisamehe," alisema. "Miaka mitatu nitaidai kwa nani?"

Na kilichotuhuzunisha zaidi ni alichokisema baadaye. Alipofika kijijini mtaalamu wa kweli, mwenye miche ya kweli, mzee huyu na jirani zake wengi walikataa kununua. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, wakarudi kwenye michikichi ya mababu. Ile miti michanga aliyotuonyesha aliipanda baadaye sana, baada ya kwenda mwenyewe kwa mkwewe aliyenunua mahali sahihi na kuikata chikichi kwa mkono wake.

Tulikaa kimya tukalitafakari jambo hilo. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza mpango wa kulifufua zao la chikichi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiusimamia kwa karibu, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kikapewa jukumu la utafiti wa zao hilo na uzalishaji wa mbegu bora. Nchi yetu ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ina taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI. Kwa bidhaa za viwandani tunalo Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kwa mizani, lita na mita tunao Wakala wa Vipimo. Vyombo vyote hivi vimewekwa kwa sababu moja: mnunuzi hawezi kukiona kila kitu. Mama wa sokoni anaweza kunusa mawese, lakini hawezi kunusa kidonge cha malaria, wala nguvu ya saruji, wala nasaba ya mche. Hapo hulazimika kununua kwa macho ya mtu mwingine, na muhuri ni ahadi ya mtu huyo kwamba ametazama kwa niaba yake.

Basi anayeghushi humwibia mnunuzi, na tena humwibia mtaalamu mwaminifu, kwa kuwa kesho hatasadikiwa. Lakini haki ituongoze tuseme na upande wa pili. Mchuuzi yule alifika hadi mlangoni kwa mzee, mtaalamu wa kweli alikawia. Mchuuzi alizungumza lugha ya kijijini, mtaalamu alileta kipeperushi. Mahali ambapo muhuri wa kweli haujulikani sura yake, muhuri wa uongo hupata nafasi ya kukaa. Taasisi yoyote ya wataalamu inayotaka kuaminiwa haina budi kufanya alivyofanya yule mama wa kanga mbili: itoe kijiko. Iwaonyeshe watu jinsi ya kuihakiki, iwape namba ya kupiga na mtu wa kuipokea, na inapokosea ikiri bila kuvutwa. Imani ya umma hailetwi na ubao wa jina mlangoni.

Adhuhuri ilitukuta karibu na mto. Baada ya swala tulikaa kivulini tukitazama maji mazito ya Malagarasi yakielekea ziwani. Si mbali na mdomo wa mto huu, mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen ili isiangukie mikononi mwa adui. Waliokabidhiwa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Hakuna aliyejua kama meli hiyo itaonekana tena. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ilirudi majini kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa mwambao huu kwa miongo mingi iliyofuata. Tunawakumbuka wale mafundi kwa ile grisi tu: waliifanya kazi yao vyema mahali ambapo jicho la mteja halingefika. Huo ndio utaalamu, na kwa Muislamu ni jambo lenye jina la zamani zaidi, ihsani.

Hapo mtoni ndipo tulipoitazama haya yetu ya barazani na kuiona ilivyokuwa na kasoro. Tulidhani kumdai Muislamu mwenzetu karatasi ni kumvunjia heshima. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini kama si kuandikiana na kushuhudisha katika mambo ya mali? Nayo iliwaelekea waumini, katika zama ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa hai miongoni mwao. Katika Suratun Nisaa, walii wa yatima anatakiwa kuweka mashahidi siku anapomkabidhi mali yake. Na katika mapokezi mashuhuri, Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na kukuta unyevu uliofichwa chini. Hakuishia kutazama juu ya rundo. Alimkemea mwenye mali kwa kutoiweka ile iliyolowa mahali ambapo watu wangeiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ikiwa mkono wake mtukufu ulichunguza, sisi ni nani tuone haya kuuliza?

Haya mahali pasipo pake ni udhaifu, na udhaifu wetu ungelipiwa na mayatima. Lau fedha ingekuwa yetu, tungeweza kusema tumebahatisha. Ekari mbili huchukua miche takriban 114, ikiwa itapandwa kwa nafasi ya mita tisa. Kwa kila mche wa uongo, watoto watatu wangengoja miaka mitatu ili wapate ganda.

Tulirudi Ujiji jioni. Kabla ya kulala tulimweleza mama wa watoto yote tuliyoyaona, tukamwekea mezani chikichi mbili ambazo mzee alitupa, moja ya ganda nene na moja ya ganda jembamba, zikiwa zimekatwa. Alizigeuza mikononi kwa muda. Hakusema habari ya bei tena. Aliuliza tu: "Huko Kihinga mnakwenda lini?"

Tulikwenda wiki iliyofuata. Tuliandikisha jina, tukalipa kwa awamu kulingana na uwezo wa amana, tukapewa risiti. Miche haitatosha ekari mbili kwa mara moja. Tutaanza na ekari moja, na ile ya pili tutaiacha na michikichi ya babu hadi tuone. Kijana wa barazani alirudi siku ya kumi kama alivyoahidi. Tulimkaribisha maji, tukamwambia kwa utaratibu kwamba tutanunua kwake siku atakapokuja na uthibitisho, na kwamba kumdai hivyo ni kumlinda yeye pia, asije akasimama Siku ya Malipo na miaka ya watu shingoni mwake. Hakuapa tena. Alisema naye miche ameuziwa na mtu, na kwamba mtu huyo hakumpa karatasi yoyote. Tuliona usoni mwake kwamba huenda alikuwa wa kwanza kudanganywa.

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumenunua daftari la kurasa mia, na ukurasa wa kwanza tumeandika tarehe, idadi ya miche, kiasi kilicholipwa na majina ya mashahidi wawili, kisha tukaibandika ile risiti. Mkubwa wa watoto, ambaye ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyeandika, kwa kuwa hati yake ni nzuri kuliko zetu. Tulimwambia aache ukurasa mmoja mtupu baada ya huo. Ndipo atakapoandika, insha'Allah, siku atakapoikata chikichi ya kwanza kwa mkono wake na kuona unene wa ganda.